Tiketi ya mpira ni ahadi, iheshimiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wapenzi wengi wa kandanda wa mikoani hulinung'unikia vibarazani, lakini halifiki mbele ya wahusika. Jambo lenyewe ni gharama na adha anazozipata mwananchi wa kawaida anayefunga safari kwenda kuangalia mchezo wa Ligi Kuu au wa kimataifa kiwanjani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa. Ni mpenzi wa mpira tangu utotoni. Timu ninayoipenda haihusiki na barua hii, maana adha ninazozieleza haziulizi rangi ya jezi. Mwenye nyekundu na mwenye kijani wote hupigwa na jua lilelile, na wote hupanga foleni moja mbele ya choo kisicho na maji.

Viongozi wetu wa mpira wanapotangaza viingilio, mara nyingi hujivunia kwamba ni vya chini. Ni kweli. Safari yangu ya mwisho kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa nilikata tiketi ya mzunguko kwa Sh. 5,000/-. Kwa uwanja wa kisasa wenye viti 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007, siwezi kusema kwamba nilinyonywa. Lakini anayedhani kwamba kiingilio ndiyo bei ya mpira, basi huyo anakaa Temeke.

Ngoja nieleze hesabu yangu kama nilivyowaandikia wanafunzi wangu wa darasa la sita ubaoni tulipokuwa tunasoma asilimia. Nauli ya Noah kutoka kijijini mpaka Iringa mjini ni Sh. 6,000/-. Basi kutoka Iringa mpaka Dar es Salaam, mwendo wa karibu kilometa 500, ni Sh. 30,000/-. Kwenda na kurudi ni Sh. 72,000/-. Gesti ya kawaida, usiku wa kuamkia mchezo na usiku wa mchezo wenyewe, ni Sh. 30,000/-. Chakula cha kujibana Sh. 15,000/-. Daladala za mjini Sh. 3,000/-. Ongeza kiingilio Sh. 5,000/-. Jumla ni Sh. 125,000/-. Wanafunzi walipiga hesabu wakapata kwamba kiingilio ni asilimia 4 tu ya gharama yote. Yaani katika kila shilingi 25 alizotumia mtu wa Kilolo kuangalia mpira, shilingi moja tu ndiyo imelipia kiingilio. Nyingine 24 zimetumika barabarani, gesti na kwa mama ntilie.

Kwa mkulima wa kwetu fedha hizo ni kama magunia mawili ya mahindi bei inapokuwa ya wastani. Pamoja na hayo watu huenda. Wapo wanaoweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya siku moja ya Simba na Yanga. Wengine watacheka na kuona kwamba huo ni upuuzi. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyelima msimu mzima ana haki ya kuchagua starehe yake, nayo starehe hii ni ya halali, na ndiyo inayoufanya mpira wetu uitwe mpira. Bila watu hao majukwaani, kungekuwa na vijana 22 tu wanaokimbizana katika uwanja mtupu.

Sasa niingie kwenye kiini cha barua yangu. Tarehe 8 Mei, 2021, Simba na Yanga zilipangwa kucheza saa 11 jioni. Siku hiyohiyo ya mchezo ikatangazwa kwamba mchezo utaanza saa 1 usiku. Yanga ilifika kwa saa ya awali, haikukubaliana na mabadiliko, ikaondoka. Mchezo haukuchezwa mpaka tarehe 3 Julai. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kuingia uwanjani, na wengi wao walikuwa wametoka mbali.

Miaka minne baadaye, tarehe 8 Machi, 2025, yakatokea tena. Usiku wa kuamkia mchezo, Simba ililalamika kwamba ilizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, ikasema haitacheza. Siku ya mchezo yenyewe Bodi ya Ligi ikatangaza kuuahirisha. Mchezo ulichezwa tarehe 25 Juni, zaidi ya miezi mitatu baadaye, na Yanga ikashinda 2-0.

Sina nia ya kurudia ubishi wa nani alikuwa na haki katika mikasa hiyo miwili. Ubishi huo umekwisha kujaza magazeti na redio. Ninachouliza mimi ni hiki: katika maneno yote yaliyosemwa, ni mangapi yalimhusu mtu aliyekwisha kulala gesti? Tulisikia habari za kanuni, pointi, faini na barua za viongozi. Habari za msafiri zilikuwa chache mno.

Siku tuliyofanya hesabu ile darasani, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hiyo elfu tano ikirudishwa, zile laki moja na ishirini zinarudishwa na nani?" Nilimjibu kwamba hakuna anayezirudisha. Akakaa kimya, lakini usoni niliona kwamba jibu halikumtosha. Halikunitosha hata mimi. Hata tiketi ile ikikubaliwa siku nyingine, nauli ya jana haikubaliwi na basi lolote.

Kwa maoni yangu, tiketi ni ahadi. Anayeuza tiketi haahidi kiti peke yake. Anaahidi mchezo, mahali na saa. Mnunuzi amekwisha kutimiza upande wake kabla ya siku yenyewe, maana amelipa na amesafiri. Upande wa pili nao utimize wa kwake. Mwalimu akitangaza mtihani saa 2 asubuhi, kisha akaja saa 6 kusema mtihani umehamishiwa mwezi wa saba, wazazi watamwita kwenye kikao cha kamati ya shule. Kwa nini mpira usiwe na kikao cha namna hiyo?

Ahadi ya mahali nayo ina uzito wake. Mwezi Mei, 2025, Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Mchezo wa marudiano uliotarajiwa kuchezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa ulihamishiwa Uwanja wa New Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya sehemu ya kuchezea. Wazanzibari walifurahi, na ni haki yao, kwani fainali ya Afrika si jambo la kila mwaka. Lakini Amaan huchukua watu 15,000, yaani robo ya wale wa Mkapa. Mtu wa bara aliyepanga fedha zake kwa ajili ya Temeke alitakiwa kuongeza nauli ya boti na malazi ya kisiwani, tena kama amebahatika kupata tiketi. Matunzo ya nyasi ni kazi ya wataalamu, lakini yakilegalega, gharama zake humwangukia mtu asiyeshika hata mpira wa kumwagilia maji.

Baada ya gharama, nizungumzie adha za majukwaani. Nimekwisha kuingia viwanja kadhaa vya mikoani. Kiwanja ninachotaka kukisimulia sikitaji jina, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Tuliingia saa 6 mchana kwa sababu tuliambiwa kwamba atakayechelewa atakosa nafasi. Mchezo ulianza saa 10 jioni. Saa nne tulikaa juu ya saruji inayowaka, bila paa wala turubai. Chupa ya maji iliyokuwa ikiuzwa Sh. 500/- nje ya geti, ndani ilikuwa Sh. 1,500/-, na mlangoni tulizuiwa kuingia na ya kwetu. Choo kilikuwa kimoja kwa jukwaa zima, na bomba lake lilikuwa kavu. Mwalimu mwenzangu wa kike tuliyekuwa naye hakunywa maji tangu asubuhi kwa kuogopa haja. Aliniambia baadaye kwamba hakumbuki magoli, anakumbuka kichwa kilivyomgonga. Tangu siku hiyo hajarudi kiwanjani.

Kisha tunajiuliza kwa nini majukwaa yetu yana akina mama wachache na watoto wachache! Majibu yako chooni na kwenye bomba la maji. Tunasema kila siku kwamba mpira ni wa familia, lakini tunawatengenezea mahali pasipofaa hata kijana mwenye nguvu zake.

Viwanja vingi vya mikoani vilijengwa enzi za chama kimoja, na mpaka leo vinamilikiwa na Chama Cha Mapinduzi. Sokoine pale Mbeya, CCM Kirumba kule Mwanza, Mkwakwani kule Tanga na Samora hapa kwetu Iringa ni baadhi yake. Ni urithi wa kujivunia, na Chama kimefanya vyema kuvihifadhi. Lakini urithi usipokarabatiwa huwa gofu. Nashauri sehemu ya mapato ya kila mchezo itengwe kwa ajili ya kivuli, vyoo na maji, na hesabu yake ibandikwe getini ili kila mwananchi aisome.

Lililo kubwa kuliko yote ni usalama. Tarehe 28 Mei, 2023, Yanga ilipocheza fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger ya Algeria katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, msongamano wa watu ulisababisha kifo cha mtu mmoja na wengine 30 wakajeruhiwa. Mtu aliondoka nyumbani kwake kwenda kushangilia, asirudi. Tuliomboleza, kisha tukasahau upesi mno.

Wenzetu wamekwisha kulipa ada kubwa zaidi ya funzo hili. Accra, nchini Ghana, tarehe 9 Mei, 2001, watani wa jadi Hearts of Oak na Asante Kotoko walicheza. Mwishoni zikatokea vurugu, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango wakaikuta imefungwa. Walikufa watu 126. Yaoundé, nchini Cameroon, tarehe 24 Januari, 2022, watu wanane walikufa nje ya Uwanja wa Olembe katika mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alieleza kwamba geti lililotakiwa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Geti moja, Ndugu Mhariri! Halikuhitaji mabilioni ya fedha. Lilihitaji mtu mwenye ufunguo na mwenye kujua wajibu wake.

Najua kwamba wako watakaonijibu: "Mwalimu, kama safari ni ghali na jua ni kali, si ukae nyumbani uangalie kwenye televisheni?" Ushauri huo ni mzuri kwa anayeutaka. Hata kijijini kwetu kuna kibanda umiza, na kwa shilingi chache utamwona mchezaji mpaka jasho la usoni. Tena televisheni imeusaidia mpira wetu sana. Mkataba wa Azam Media na TFF wa mwaka 2021 ni wa miaka 10 na una thamani ya Sh. bilioni 225.6. Klabu zilizokuwa zikisafiri kwa kuungaunga sasa zina tegemeo. Lakini kamera haipeleki nyumbani sauti ya watu 60,000 wanaovuta pumzi kwa pamoja mpira unapoelekea golini. Wala hakuna atakayelipia matangazo ya mchezo uliochezwa mbele ya viti vitupu. Kwa hiyo basi, mtu wa jukwaani si mgeni aliyevumiliwa. Naye ni sehemu ya kile kinachouzwa.

Wengine watasema kwamba tukidai vyoo safi na viti vizuri, viingilio vitapanda na kabwela atafungiwa nje. Hoja hii ina uzito na sitaki kuipuuza. Uingereza, baada ya maafa ya Hillsborough ya mwaka 1989 yaliyoua watu 97, taarifa ya Jaji Taylor ya Januari 1990 ilitaka viwanja vya madaraja ya juu viwe vya viti vitupu, asisimame mtu. Usalama uliongezeka sana, lakini miaka iliyofuata bei nazo zilipanda, na wafanyakazi wengi waliorithi mapenzi ya timu kutoka kwa baba zao walishindwa kuzimudu. Ndiyo maana tangu msimu wa 2016/17 klabu za Ligi Kuu ya huko zimejiwekea kikomo cha paundi 30 kwa tiketi ya mshabiki wa timu ngeni. Funzo ni kwamba starehe na bei nafuu vinaweza kwenda pamoja, lakini mpaka mtu aviwekee kanuni. Vikiachwa vyenyewe, bei hukimbia.

Hata hivyo mengi ninayoyaomba hayana gharama kubwa. Kufungua mageti yote mapema hakuhitaji mkopo. Kujaza tangi la maji hakuhitaji mkandarasi kutoka nje. Kushika saa iliyotangazwa hakuhitaji hata senti tano.

Ili nisionekane kwamba nalaumu upande mmoja, naomba nisema pia na washabiki wenzangu. Desemba 2024, katika mchezo wa Simba na CS Sfaxien ya Tunisia, viti 256 viling'olewa na kuvunjwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Aliyeng'oa kiti, awe mgeni au mwenyeji, amemnyima mwananchi mwenzake mahali pa kukaa, na tena kwa fedha za umma. Hali kadhalika anayenunua tiketi kwa mlanguzi anamlisha mlanguzi, na anayeruka ukuta anampokonya nafasi aliyelipa na kuongeza msongamano unaoua. Tukitaka tuheshimiwe kama watu waliokata tiketi, nasi tuwe watu wenye tabia za waliokata tiketi.

Baada ya maelezo hayo, nina mapendekezo manne kwa TFF, Bodi ya Ligi, Wizara inayohusika na michezo na wamiliki wa viwanja.

Kwanza, saa na mahali pa mchezo visibadilishwe ndani ya siku tatu kabla ya mchezo, isipokuwa kwa janga la kweli. Upande utakaosababisha mchezo kuvunjika utozwe fedha, na fedha hizo ziwarudishie wenye tiketi kiingilio chao pamoja na kifuta jasho. Tiketi za siku hizi ni za elektroniki, kwa hiyo kila aliyenunua anajulikana. Hakuna sababu ya kusema hatujui tumrudishie nani.

Pili, kila uwanja utakaoruhusiwa kutumika katika Ligi Kuu ukaguliwe vyoo, maji, kivuli na milango ya dharura kama unavyokaguliwa urefu wa nyasi. Usiotimiza usubiri mpaka utimize. Mtu aruhusiwe kuingia na maji yake katika mfuko mwepesi au, akikatazwa, auziwe ndani kwa bei ya nje.

Tatu, yatengwe majukwaa ya familia penye kivuli, na watoto wa shule wenye sare wapewe kiingilio cha chini. Nasi walimu tutawasindikiza kwa furaha.

Nne, ufikiriwe utaratibu wa usafiri. Ujerumani, kwa klabu nyingi, tiketi ya mchezo ndiyo nauli ya treni na basi za mji kwa siku hiyo. Sisi tunayo kadi ya N-Card ambayo imekwisha kutumika kuingilia uwanjani na kuvukia Kigamboni. Je, wataalamu wetu watashindwa kuitafutia punguzo la nauli siku ya mchezo, na mabasi ya uhakika usiku mchezo unapokwisha?

CAF ilipozikabidhi Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa AFCON 2027, mwezi Septemba 2023, wote tulishangilia. Viwanja vinavyokarabatiwa na kujengwa kwa ajili hiyo ni fahari ya Taifa. Lakini nyumba haisafishwi kwa ajili ya mgeni peke yake, halafu mgeni akiondoka ufagio ukafichwa. Choo kitakachomfaa mgeni wa 2027 kimfae pia mkulima wa Kilolo mwaka unaofuata, na geti litakalofunguliwa mapema kwa ajili ya wageni lifunguliwe mapema kwa ajili yetu.

Sisi watu wa mikoani hatudai kubebwa. Tutaendelea kujilipia nauli, gesti na wali maharage wetu. Tunachodai ni kwamba tukifika, tukute mchezo uliotangazwa, kwa saa iliyotangazwa, mahali ambapo mtu anaweza kukaa, kunywa maji na kurudi kwake salama.

Natumaini wahusika wataliangalia suala hili, na kwamba wapenzi wengine wa mpira nao watatoa maoni yao.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilolo, Iringa.